Kulala Ravenna Usiku Mmoja: Namna ya Kuziona Mozaiki Bila Haraka

Wasafiri wengi hufika Ravenna, mji wa kaskazini mwa Italia, asubuhi kwa treni kutoka Bologna, wakapita mbio katika makanisa manne au matano, na kabla jua halijatua wamekwisha kurudi walikotoka. Kwa kuwa safari yenyewe ni ya saa moja na kidogo, ratiba hiyo inawezekana, lakini inaunyima mji haki yake, maana utajiri wa Ravenna ni mozaiki, yaani picha zilizopangwa kwa vipande vidogo vya kioo na mawe, nazo zimo ndani ya majengo na hubadilika kadiri mwanga unavyobadilika madirishani. Nashauri ufike mchana, ulale usiku mmoja, kisha uondoke mchana wa siku ya pili, ili uzione mozaiki kwa mwanga wa alasiri na kwa mwanga wa asubuhi.

Nunua tiketi ya kuingilia kwa njia ya mtandao kabla hujasafiri. Ipo tiketi moja ya pamoja kwa majengo yaliyo chini ya jimbo la askofu mkuu, yakiwemo kanisa la San Vitale, kaburi liitwalo la Galla Placidia, binti wa kaisari wa Kirumi, na kanisa la Sant'Apollinare Nuovo. Kaburi hilo ni dogo mno, na ndiyo sababu watu huingizwa kwa zamu. Chagua kwanza saa ya kuliingia, kisha upange mambo mengine kuizunguka saa hiyo. Angalia pia saa za kufunga, kwa kuwa wakati wa baridi milango hufungwa mapema kuliko wakati wa joto.

Ukinunua tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, igonge kwenye mashine iliyopo stesheni kabla ya kupanda, la sivyo unaweza kutozwa faini hata kama umelipa nauli kamili. Gari la kukodi halikufai hapa, kwa sababu katikati ya mji magari yasiyo na kibali yamezuiwa na kamera hupiga picha namba zake, ilhali kutoka stesheni hadi mjini ni mwendo mfupi wa miguu. Hotelini utaombwa pasipoti, kwani sheria ya Italia inawataka wenye nyumba za wageni kuwaandikisha wote wanaolala kwao, na kodi ya manispaa kwa kila usiku mara nyingi hulipwa hapo hapo mbali na bei ya chumba. Acha mzigo mapokezi hata kama chumba bado hakijawa tayari.

Alasiri ya kwanza ielekeze yote San Vitale, kanisa la pembe nane lililowekwa wakfu mwaka 547, muda mfupi baada ya majeshi ya Justinian, kaisari wa Roma ya Mashariki, kuutwaa mji mwaka 540. Usisimame katikati ukiangaza macho huku na huku. Nenda moja kwa moja mbele, karibu na altare, ambako Justinian na mkewe Theodora wanatazamana kutoka kuta mbili, kila mmoja na msafara wake. Tazama pindo la vazi la Theodora, utawaona Mamajusi watatu wakipeleka zawadi, wadogo kiasi kwamba anayepita haraka hawaoni kamwe. Kisha sogea hatua chache kushoto na kulia: vipande vya kioo na dhahabu havikulazwa sawasawa ukutani, na kwa hiyo ukisogea nuru nayo husogea juu yake.

Kaburi la Galla Placidia limo katika uwanja huo huo. Kwa nje ni nyumba ya matofali isiyovutia, na ndani mwanga hupenya kwa unyonge kupitia madirisha ya alabasta, jiwe jembamba linalopitisha nuru. Wengi hutoka kabla macho hayajazoea giza. Wewe tulia kimya hadi kuba ya buluu yenye nyota za dhahabu ijitokeze yenyewe.

Jioni, nenda kwenye kaburi la Dante, mshairi mkuu wa Italia, aliyefukuzwa mji wake wa Firenze akafia hapa mwaka 1321. Kando yake lipo kanisa la San Francesco, ambalo chumba chake cha chini kimejaa maji na samaki huogelea juu ya sakafu ya mozaiki. Ukilikuta wazi usipite bila kuchungulia. Chakula cha usiku huanza kwa kuchelewa, kwa hiyo mwenye njaa mapema ale piadina, mkate bapa wa Romagna, eneo hili la Italia, unaokunjwa na jibini au nyama ndani yake.

Asubuhi anzia Sant'Apollinare Nuovo, lililojengwa na Theodoric, mfalme wa Wagothi, watu wa asili ya Kijerumani waliotawala hapa kabla ya majeshi ya Justinian kufika. Ukutani, karibu na mlango, pamechorwa jumba lake la kifalme. Baada ya utawala kubadilika, watu waliokuwa kati ya nguzo walifutwa na mapazia yakawekwa mahali pao, ila mikono ya baadhi yao imebaki juu ya nguzo mpaka leo. Itafute mmoja mmoja.

Muda uliobaki unatosha mahali pamoja tu. Mimi ningechagua Sant'Apollinare in Classe, kilomita chache nje ya mji, kituo kimoja kwa treni ya kuelekea Rimini, kwa ajili ya malisho yake ya kijani na kondoo weupe walio juu ya altare. Lakini hakikisha saa ya treni ya kurudi kabla hujatoka stesheni, na kama muda haulingani, nenda kwa miguu hadi kaburi la Theodoric, upande wa pili wa reli, ukaone paa lake la jiwe moja lenye upana wa takriban mita 10.