Mwembe wa Uani Huanza Kufa Kutokea Chini

Mikocheni, Mwembechai, Mwembeyanga, Mbuyuni: mitaa mingi ya Dar es Salaam bado inaitwa kwa miti ambayo wengi wetu hatukuikuta. Iliyobaki sasa imo ndani ya nyua za watu. Kuna mwembe wa dodo wa Mbezi, mkungu wa mbele ya nyumba kule Kinondoni, mwarobaini wa Tabata ambao mtaa mzima unauchuma majani, na minazi miwili mitatu ya Kigamboni iliyotangulia kabla viwanja havijapimwa. Wenye viwanja ndio walinzi wa miti hiyo, na wengi wanaipenda kweli. Ninapoitwa kutazama mti unaodhoofika, karibu kila mara mwenyeji ananionyesha majani na kuomba dawa ya kupuliza. Mimi huanza kwa kutazama chini.

Mzee mmoja wa Mbezi aliniita kwa mwembe ambao ncha za matawi ya juu zilikuwa zimekauka. Majani yalikuwa madogo kuliko zamani, na maembe yamekuwa ya kuhesabu. "Bwana shamba, nipe dawa. Mti huu hata baba yangu aliukuta." Nikamuuliza, "Mzee, hizi pevingi mliweka lini?" Akahesabu kwa vidole: mwaka wa tatu sasa. Walisawazisha uwanja, wakamwaga kifusi, wakashindilia kwa mashine, wakapanga vitofali ukuta hadi ukuta, na kuacha kitundu cha upana wa sufuria kuzunguka shina. Hakuna dawa ya kupuliza inayotibu hilo.

Wengi tunadhani mti mkubwa umesimama juu ya mzizi mmoja mnene ulioshuka chini kama nguzo. Ukweli ni kwamba mizizi inayoulisha mti, ile myembamba, mingi yake imo katika sentimita 30 hadi 60 za juu za udongo, nayo husambaa kupita ukingo wa kivuli cha saa sita mchana. Mizizi hiyo inapumua. Udongo ukishindiliwa au ukifunikwa kwa zege, hewa na maji havipiti, nayo hufa kidogo kidogo. Kwa kuwa mti wa umri huo una akiba ya chakula ndani ya shina, hauonyeshi kitu mwaka wa kwanza. Ukianza kukauka juu, mwenye nyumba ameshasahau ujenzi, na fundi ameshahamia kazi nyingine.

Ndiyo maana nasisitiza upime kabla ya kujenga chochote. Chukua futi kamba, pima mzingo wa shina usawa wa kifua, kisha zidisha mara 4. Mzingo wa sentimita 160 unakupa mita 6 na nusu hivi kutoka kwenye shina kila upande. Hilo ndilo eneo la kulinda. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 20 najua duara hilo linameza sehemu kubwa ya uwanja, na watu wanahitaji pa kuingizia gari. Basi njia ya gari iwe upande mmoja tu, na pande nyingine ziachwe udongo. Mti hustahimili kuumizwa upande mmoja; kuzungushiwa zege ni jambo jingine. Ukuta wa uzio ukilazimika kupita karibu, mwambie fundi asichimbe msingi mfululizo: asimamishe nguzo kati ya mizizi minene na kupitisha mkanda wa zege juu yake. Bomba la maji pia linaweza kupitishwa chini ya mzizi mnene kwa kuchimba taratibu kwa mkono, bila kuukata.

Kuna desturi yetu nyingine inayochosha ardhi, nayo ni kufagia. Uwanja mweupe wenye mistari ya fagio asubuhi ni heshima ya nyumba, nami nimekulia humo. Lakini jani lililoanguka ndicho chakula cha mti, na sisi tunalizoa kila siku na kulichomea palepale chini ya matawi. Moto huo huunguza gome, na chini ya gome ndipo palipo na tabaka hai linalosafirisha chakula. Fagia, ila sukuma majani yarudi chini ya mti, uyatandaze kwa kina cha sentimita 5 hadi 10, na uache kiganja cha mkono kati ya matandazo na shina ili gome lisiloe. Ardhi yetu ya pwani, hasa ile ya kichanga, haishiki maji wala rutuba bila kifuniko hicho. Na maji ya kufulia yenye sabuni na dawa ya madoa yamwagwe kwingine.

Mti mzima wenye afya hauhitaji ndoo ya maji kila jioni. Uliodhoofika ndio unaohitaji msaada wakati wa joto la Januari na Februari, kabla ya masika: loweka ardhi vizuri mara moja kila wiki mbili, kuanzia ukingo wa kivuli kuelekea ndani, badala ya kumwagia shina. Mwembe usiunyweshe miezi ya Juni na Julai, kwa kuwa ukavu wa kipindi hicho ndio unaousukuma kutoa maua.

Kukata matawi ndiko kunakoniumiza zaidi, kwa sababu watu hulipa fedha kuuharibu mti wao. Vijana wanapita na mapanga, wanasema mti umekuwa mrefu mno, wanaukata kichwa na kuacha magogo yaliyosimama wima. Baada ya miezi michache unachipua machipukizi mengi na mwenye nyumba anafurahi. Machipukizi hayo yameshikilia juu juu tu, na yakinenepa ndiyo yanayovunjika siku ya upepo. Usiruhusu kukata kichwa. Kata matawi yaliyokufa, yanayosuguana na yanayoelekea paa, wala usiondoe zaidi ya robo ya matawi mabichi kwa mwaka. Kwa mwembe, wakati mzuri ni mara tu baada ya mavuno, Februari kuelekea mwanzo wa Machi. Ukichelewa sana unakata maua ya msimu ujao.

Tawi nene hukatwa kwa mikato mitatu ya msumeno. Kwanza kata kidogo kutokea chini, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina. Kisha sogea mbele kidogo na ukate kutokea juu mpaka tawi lianguke, nalo halitachana gome hadi kwenye shina. Mwisho ondoa kigutu. Tazama pale tawi linapochomokea: pana mkunjo uliovimba kama kola ya shati. Kata nje ya kola hiyo, usiiguse, maana ndiyo inayofunga kidonda. Usipake rangi wala oili chafu. Mti hufunga jeraha wenyewe, na rangi huweza kufungia unyevu ndani.

Ukiwa juu huko tafuta kirukia, ule mmea wenye majani yasiyofanana na ya mwembe ulioota katikati ya tawi. Ndege ndio wanaopanda mbegu zake. Kung'oa majani hakusaidii. Kata tawi lenyewe, angalau sentimita 30 chini ya pale kilipojishika. Maji moto, wale sisimizi wekundu walioshona viota vya majani, waache. Wanauma, lakini wanakamata wadudu wanaoharibu maembe na nazi.

Mnazi una sheria yake. Hauna lile tabaka la kufunga jeraha, hivyo kila kidato ambacho mkwezi anachonga kwenye shina kinabaki wazi maisha yote na maji yanaingia. Mwombe akwee kwa kamba. Aondoe makuti makavu na nazi zilizokomaa, asikate makuti mabichi kwa ajili ya urembo. Magogo ya minazi iliyokufa na marundo ya samadi yaondolewe uani, kwani ndimo chonga, yule mbawakawa wa minazi, anamozalia kabla ya kupanda kutoboa moyo wa mnazi mzima.

Kabla ya masika zunguka mti wako taratibu. Uyoga kwenye kitako cha shina, ufa kwenye panda, udongo ulioinuka upande mmoja, mti ambao mwaka jana ulikuwa wima na sasa umeinama: ukiona mojawapo, usilale chumba kilicho chini yake ukisubiri mvua. Mwite mtu anayejua kazi, mwenye kamba na mkanda wa usalama. Matawi yaliyogusa nyaya za umeme si ya kijana wa panga hata kama bei yake ni ndogo. Toa taarifa TANESCO. Na ikibidi mti uondolewe kabisa, anzia ofisi ya serikali ya mtaa uulize utaratibu.

Kwa mzee wa Mbezi tuliondoa pevingi hadi mita 3 upande wa jikoni, tukalegeza udongo kwa uma tukikwepa mizizi, tukaweka mboji na majani makavu. Vuli iliyofuata upande ule ulitoa majani mekundu machanga, mapana kama ya zamani. Upande wa geti bado umekonda, na tumekubaliana zile pevingi nazo zitoke kabla ya masika.