Kabla hujanunua dhahabu: hesabu ya sonara wa Kariakoo

Mimi ni sonara, duka langu liko Kariakoo. Hakuna wiki inayopita bila mtu kuja na pesa ya mchezo wa kupeana aliyotoka kupokea, akauliza: "Fundi, nikiiweka kwenye dhahabu nitafaidika?" Dhahabu ndiyo inayonilisha, lakini jibu langu ni hili.

Hatua ya 1: Maliza mikopo ya simu, kisha weka akiba ya dharura ya miezi mitatu mahali unapoweza kuitoa bila hasara, mfano Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayokusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja. Kila Januari, ada za shule zikibana, kina mama huniletea bangili walizonunua miezi michache tu nyuma. Bei ninayolazimika kuwapa inaniuma.

Hatua ya 2: Tanguliza pesa inayozaa. Hatifungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali, zinaanzia shilingi 1,000,000 na hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Kuna vipande vya UTT, yaani sehemu yako ndani ya mifuko yao, kuna hisa za kampuni zenye gawio, yaani zinazowagawia wenye hisa faida, pale Soko la Hisa la Dar es Salaam. Dhahabu haizai. Gramu 10 ulizofungia kabatini leo, baada ya miaka kumi ni gramu 10 zilezile; unategemea bei ipande. Na bei inaweza kulala muda mrefu: Januari 1980 wakia moja (kama gramu 31) ilifika dola 850, ikaporomoka, isiifikie tena bei ile mpaka 2008. Faida yake kubwa kwetu ni kwamba inauzwa kwa dola duniani kote, hivyo shilingi ikiyumba, akiba yako haiyumbi nayo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya dhahabu iliyomo, usihesabu urembo. Hapa ndipo watu wanapoumia. Tazama muhuri kwa ndani, unaosema sehemu ngapi kati ya 1,000 ni dhahabu safi: 750 ni karati 18, 875 ni karati 21, 916 ni karati 22. Bangili ya gramu 10 yenye muhuri wa 750 ina dhahabu safi gramu 7.5. Tuseme gramu ya dhahabu safi ni shilingi 300,000: dhahabu iliyomo ni 2,250,000. Ukiuziwa 2,700,000, ile 450,000 ni ujira wa fundi na faida ya duka, na ukija kuuza hairudi. Yale maua niliyoyachonga siku mbili huyeyuka kwa dakika chache tu. Maana yake bei ya dhahabu ipande kwa asilimia 20 ndipo urudishe pesa yako, na hapo mnunuzi bado hajakata chake.

Kama ni akiba, basi chukua kipande kisicho na nakshi wala vito. Jiwe likiwa juu ya mizani utalilipia kama dhahabu, na siku ya kuuza litang'olewa kwanza.

Hatua ya 4: Kabla hujalipa, uliza: "Nikikurudishia kesho utanipa ngapi?" Anayekwepa swali hilo, mwage. Omba kitu kipimwe mbele yako, tena kwa jiwe la kusugulia na tindikali ya kupimia karati, na risiti iandikwe uzito na karati.

Hatua ya 5: Kiasi. Mimi mwenyewe sivuki sehemu moja ya kumi ya akiba yangu. Na risiti usiiweke pamoja na dhahabu. Mwizi akija atabeba vyote viwili.