Somo: Mpini wa kisu usiocheza ukifika mwezi wa nane

Kisu kikianza kucheza mkononi, lawama ya kwanza huangukia gundi. Mara nyingi gundi haina kosa. Mti ulichongwa masika ukiwa na maji, kisha kiangazi cha huku kwetu kikaunyausha. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Oktoba mvua ya maana hakuna, hewa kavu, upepo unapiga. Mti hupungua upana, chuma hakipungui, nafasi inabaki katikati yao. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye mti. Ya gundi na msasa nitayapita haraka.

Hatua ya 1: Mti

Paini ya Sao Hill ni ya kenchi na fremu. Kwenye mpini inabonyea. Mkaratusi mchanga hupinda na kupasuka unapokauka, labda upate kipande cha zamani kilichokwisha kufanya vituko vyake. Miwati ya Njombe ni migumu vya kutosha, ila inapandwa kwa ajili ya magome ya kulainishia ngozi, na ile dawa iliyomo ikikutana na chuma chenye unyevu inatoa weusi kama wino. Ukiitumia, pini zako, yaani vijiti vya waya vinavyoshikilia mpini kwenye chuma, ziwe za shaba.

Mimi napendelea mpera na mkahawa. Wakulima wa Mbozi na Rungwe hukata mashina ya kahawa yaliyozeeka ili machipukizi mapya yapate nguvu, na mengi huishia jikoni kama kuni. Omba shina moja nene kama mkono. Ni mti mzito, nyuzi zake ni ndogo, na ukiupiga msasa unateleza.

Upasue kwa urefu ungali mbichi, mstari upite katikati kabisa ya shina, kisha utupe ile sehemu laini ya katikati kwa sababu nyufa huanzia hapo. Chana vibao vya unene wa sentimita 2. Paka rangi yoyote iliyobaki au nta kwenye ncha mbili, maana maji hukimbilia kutokea huko na ncha hupasuka kabla ya kati. Vipange kivulini penye hewa, uweke vijiti kati ya kibao na kibao. Usiviweke juu ya bati juani.

Utajuaje vimekauka? Vipeleke kwenye mzani wa duka, andika uzito kwa penseli juu ya kibao chenyewe. Rudia kila baada ya wiki mbili. Uzito ukikataa kushuka mara mbili mfululizo, anza kazi. Hiyo ni miezi, si wiki. Mwenye haraka aende kwa mafundi samani akaombe mguu wa kitanda cha mninga kilichovunjika. Mti uliokaa chumbani miaka mingi hauna tena mengi ya kupungua.

Hatua ya 2: Ubapa

Kabla ya lolote, funga makali kwa kadibodi na selotepu. Utakishika kisu hiki upande usiofaa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kama mkia wa kisu, yaani sehemu ya chuma inayoshikwa na mpini, ni bapa na una matundu, usafishe kutu, ukwaruze kwa msasa namba 80, upanguse kwa spiriti. Kama hauna matundu na biti ya kutobolea inateleza tu juu yake, chuma ni kigumu. Ondoa kadibodi, zika ubapa wote kwenye kipande cha shina la mgomba kilichokatwa sasa hivi, mkia ubaki nje, kisha upashe mkia peke yake mpaka uwe mwekundu na uuache upoe taratibu. Maji ya mgomba yanalinda makali. Ukiona rangi ya bluu inatembea kuelekea kwenye makali, simamisha mara moja, maana bluu ikifika hapo kisu hakitashika tena ukali. Mkia ukishapoa toboa kwa mwendo mdogo, na mafuta kidogo kwenye biti.

Hatua ya 3: Vipande viwili

Kata vipande viwili vya urefu wa sentimita 11 au 12, nyuzi zifuate urefu wa mpini, unene milimita 10 kila kimoja. Upande unaogusa chuma uwe bapa kweli: weka msasa juu ya kioo, sugua kipande juu yake. Mwanga usipite.

Bana kipande cha kwanza na mkia, toboa kupitia matundu ya chuma. Kisha bana cha pili upande wa pili, utoboe kupitia matundu yaleyale. Usipime kwa jicho.

Halafu jambo ambalo wengi hulisahau: ncha ya mbele ya mpini, ile inayotazama makali, imalizie kabisa sasa. Ichonge, ipige msasa hadi namba 400. Ukishagundisha, huwezi kuifikia bila kukwaruza ubapa.

Hatua ya 4: Gundi na pini

Tumia epoksi, ile ya mirija miwili. Pini ni waya mnene wa shaba unaoingia kwenye tundu kwa kusukumwa. Paka gundi pande zote, ingiza pini, bana. Asiye na jiliwa afunge kwa mipira ya tyubu ya baiskeli, ila asikaze mpaka gundi yote itoke. Iliyochuruzika kwenye ubapa ifute kwa spiriti ingali mbichi. Kesho yake kata pini zibaki milimita 2 nje kila upande, uzigonge kwa nyundo ndogo, taratibu, hadi vichwa vitanuke.

Hatua ya 5: Umbo

Chonga kwa tupa, kisha msasa 80, 120, 240. Futa mpini kwa kitambaa chenye unyevu, uache ukauke, nyuzi zitasimama. Zikate kwa 400. Unene wa mwisho usizidi sana milimita 22, na mkono wako ndio mwamuzi.

Kwa kisu chenye mkia mwembamba

Huu ndio utaratibu wa wahunzi, na kwa kisu cha shamba mimi nauamini kuliko pini. Chukua mti mmoja mzima, uvalishe pete ya bomba mdomoni ili usipasuke. Toboa tundu jembamba kuliko mkia. Zika ubapa mgombani kama pale juu, pasha mkia uwe mwekundu, sukuma ndani sekunde mbili tatu, chomoa kabla haujashikwa. Kung'uta makaa, rudia. Ikibaki sentimita 1, acha. Vikishapoa, tia epoksi ndani, shika mpini ubapa ukining'inia chini, piga kitako cha mpini kwa nyundo ya mti. Mpini utashuka wenyewe juu ya mkia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Njombe): Kamwene mwalimu. Epoksi nimechanganya nusu kwa nusu, asubuhi bado inanata. Nimeuziwa feki?

Jibu: Kamwene. Inawezekana ni nzima. Ulifanya mwezi gani? Mwezi wa saba baridi ya Njombe inaifanya epoksi isinzie. Kiweke kisu jikoni karibu na jiko, pasiwe pa moto bali pa joto, ukipe siku nzima. Kikiendelea kunata baada ya hapo, vipimo vya mchanganyiko havikuwa sawa. Kwangua uanze upya.

Swali (Tukuyu): Shikamoo fundi. Naweza kupaka mawese ya Kyela? Ninayo mengi.

Jibu: Marahaba dada. Hapana, hayo pikia. Mawese hayakauki kwenye mti, yatachafua mkono na kunuka. Alizeti hukauka polepole, kwa hiyo paka kidogo sana na ufute. Bora zaidi yeyusha nta ya nyuki, sehemu 1 kwa sehemu 4 za alizeti, kwenye bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji moto. Sugua kwa kitambaa.

Swali (Vwawa): Mkuu, nimepata kipande cha mpingo. Mbona gundi haishiki?

Jibu: Mpingo una mafuta yake. Upanguse kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, gundisha papo hapo. Na vaa barakoa kaka, vumbi lake linawasha ngozi na kifua.

Swali (Iringa mjini): Kisu cha bucha, kila jioni tunakiloweka kwenye beseni la maji moto. Mpini umeanza kuachia pembeni. Ndaga fijo, mimi mtu wa Rungwe niliyehamia huku.

Jibu: Ndaga ndugu yangu. Acha kuloweka. Osha kwa sabuni, suuza, futa, kisimame pakavu. Kama ufa ni mdogo, usikifunge kikiwa na maji: kiache wiki nzima kikauke, kisha changanya epoksi na vumbi la msasa la mti uleule, jaza ufa, ubane kwa tyubu. Kama pini nazo zinacheza, toboa uzitoe, utie mpya nene kidogo.