Viazi vya Kuoka kwenye Oveni Vyenye Ukoko Mkavu

Kiazi kilichookwa vizuri kina ukoko mkavu wa rangi ya dhahabu unaovunjika kwa mlio kinapoumwa, na ndani kina nyama laini, nyeupe, isiyo na dalili ya ubichi. Viazi vingi vinavyopikwa kwenye oveni za majumbani hapa Nairobi havifiki hapo: hutoka vimepauka na kulegea, au vimeungua pembeni ilhali katikati bado ni vigumu, na mpishi akailaumu oveni. Mara nyingi oveni haina kosa. Kinachozuia ukoko ni maji, kwa sababu uso wa kiazi ukiwa bado na unyevu, joto lake haliwezi kupita kiwango ambacho maji huchemka, ilhali rangi ya kahawia na ile ladha ya kuokwa hujitengeneza kwa kasi joto linapovuka nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Kwa hiyo karibu kazi yote ya maana hufanyika kabla viazi havijaingia kwenye oveni.

Kwa watu 4 hadi 6, andaa kilo 1.5 za viazi, vijiko 6 vya mezani vya mafuta ya alizeti au samli, kijiko kimoja cha mezani cha chumvi ya maji ya kuchemshia pamoja na nyingine kidogo ya kunyunyiza mwishoni, na nusu kijiko cha chai cha bikabonati ya soda, ile inayotumiwa kuumulia keki. Kwa ladha, tafuta punje 5 za kitunguu saumu, vitawi viwili vya rozimari, pilipili manga iliyosagwa, fungu dogo la dania na limau moja.

Kuhusu viazi vyenyewe, aina inayotawala masoko ya Nairobi, iwe ni Marikiti, Kangemi au Wangige kule Kiambu, ni Shangi, yenye ganda la rangi ya krimu na vijicho vya waridi. Shangi hupendwa kwa sababu huiva upesi na hivyo huokoa gesi na makaa, lakini sifa hiyohiyo ndiyo inayomtaka mpishi wa viazi vya kuoka awe macho, kwani dakika mbili za ziada kwenye maji yanayochemka hutosha kuvifanya vivurugike. Ukibahatika kupata Dutch Robyjn, yenye ganda jekundu, usiiache. Ina maji machache kuliko aina nyingi, jambo linaloifanya ipendwe na watengenezaji wa krispi, nayo huoka vizuri mno. Iwapo hujui ulichonunua ni aina gani, changanya kipimo kimoja cha chumvi na vipimo 11 vya maji, koroga hadi chumvi iyeyuke, kisha tumbukiza kiazi kimoja: kikizama kina wanga mwingi na kitafaa sana kuoka, kikielea kina maji mengi na kingefaa zaidi kutiwa kwenye mchuzi.

Chagua viazi vya ukubwa wa ngumi, vigumu, vilivyobaki na udongo mkavu juu yake, maana vilivyooshwa sokoni huoza upesi. Kataa vilivyogeuka kijani kwa kukaa juani. Rangi hiyo ni ishara kwamba huenda kiazi kimejaa solanini, sumu chungu isiyoondoka kwa kupikwa. Nyumbani, viweke mahali penye giza na hewa, kwa mfano kwenye kiondo au gunia chini ya kabati, wala usivitie kwenye friji, kwa kuwa baridi hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, na viazi vyenye sukari nyingi huwa vyeusi nje kabla ya kuiva ndani. Shangi huota machipukizi mapema, basi nunua vya wiki moja au mbili tu.

Menya viazi, uvikate vipande vya sentimita 4 hadi 5. Kata kwa mshazari kila inapowezekana ili kila kipande kiwe na pande bapa na kingo kali, kwa sababu ukoko hushika zaidi kwenye kingo. Vioshe mara moja kuondoa wanga uliotapakaa juu, uvitie kwenye sufuria, kisha mimina maji baridi hadi yavifunike. Maji yawe baridi kweli: ukivitumbukiza kwenye maji yanayochemka, nje kutaiva na kumong'onyoka ilhali kiini bado hakijapata joto. Tia chumvi na bikabonati, kisha ubandike jikoni.

Bikabonati inastahili maelezo kidogo, kwani wengi huiacha wakidhani ni urembo tu. Ni alikali, na alikali hudhoofisha pektini inayoshikanisha chembechembe za kiazi, kwa njia ileile ambayo magadi hulainisha maharagwe na githeri. Kwa kiasi kidogo kama hicho, hailainishi kiini. Hulegeza uso tu, na uso uliolegea ndio utakaokuwa ukoko. Usizidishe, maana ladha yake ya sabuni haifichiki. Kwa sababu hiyohiyo, limau na siki hazina nafasi katika maji haya: asidi huimarisha pektini na kukifanya kiazi kiwe kigumu.

Jambo la pili ni muda. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama yanavyochemka Mombasa. Maelekezo ya upishi yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani au wa Ulaya hutoa dakika ambazo kwa kawaida hazitoshi huku juu, lakini Shangi nayo huiva haraka kuliko viazi ambavyo maelekezo hayo yaliviwazia, na matokeo yake ni kwamba saa haiwezi kuaminiwa. Amini kisu. Maji yakishaanza kutokota, subiri dakika 6, kisha choma kipande kimoja kila baada ya dakika moja. Kinachotakiwa ni ncha ya kisu ipenye sentimita moja ya mwanzo bila nguvu, ikutane na ugumu kidogo katikati, na kingo za kipande zianze kuonekana zimefifia. Hapo epua mara moja, hata kama ni dakika ya 7, na usiogope kungoja hadi ya 12 kama ni aina ngumu.

Chuja maji yote, urudishe viazi kwenye sufuria ileile, uiweke juu ya moto mdogo kabisa kwa dakika moja huku ukiitikisa polepole ili visishike chini, kisha uzime moto na uache wazi kwa dakika 8 hadi 10. Usifunike. Mvuke unaopanda ni maji yanayotoka kwenye viazi, na kila kiasi kinachoondoka sasa ni kiasi ambacho oveni haitahitaji kukikausha. Utajua viko tayari pale mvuke unapopungua na uso wa kila kipande ukawa mweupe, usiong'aa.

Sasa funika sufuria, shika mfuniko na ukingo wake kwa vitambaa viwili, na uitikise kwa nguvu mara kadhaa. Fungua utazame. Kingo zilizolainika zitakuwa zimekwaruzana na kuacha tabaka jeupe lenye chembechembe, kama uji mzito ulioganda, likiwa limeshika kila upande wa kila kipande. Tabaka hilo likikutana na mafuta ya moto ndilo linalogeuka ukoko. Kama vipande bado vina pande laini na kingo safi, havijaiva vya kutosha au hujatikisa vya kutosha. Kama vitatu au vinne vimevunjika, si hasara, kwa kuwa vipande vidogo ndivyo vinavyokauka vizuri kuliko vyote na watoto huvigombania.

Wakati viazi vinakauka, oveni iwe inapata moto. Iwashe nyuzi 220 kwa dakika 20, vyuma vya joto vya juu na vya chini vyote vikiwaka, trei ikiwa ndani pamoja na mafuta yake. Trei ya bati jembamba yenye kingo fupi ndiyo bora. Sufuria pana nayo inafaa kwa kuwa haina mikono inayozuia mlango wa oveni, mradi isiwe na kina kirefu kitakachozuia mvuke. Mafuta ya alizeti hustahimili joto hili, na samli pia, kwa kuwa yale mabaki ya maziwa yanayoungua kwenye siagi yameshaondolewa ndani yake. Siagi ya kawaida iache kwa mkate.

Toa trei, uiweke mahali imara, na upange viazi kimoja kimoja kwa kijiko kirefu, kwa sababu mafuta hayo yana moto wa kuunguza vibaya. Lazima usikie mlio wa kukaanga kipande kinapogusa trei. Ukikosekana, rudisha trei ndani dakika 5 zaidi. Geuza kila kipande kipate mafuta pande zote, na uache nafasi ya upana wa kidole kati ya kimoja na kingine. Hapa ndipo oveni ndogo za mezani huwaponza wengi, kwani trei yake haitoshi kilo moja na nusu, na viazi vilivyorundikana hupikana kwa mvuke wao wenyewe. Ni heri uoke nusu ya kiasi hiki, au uoke kwa awamu mbili.

Oka dakika 25 bila kuvigusa. Kipande kinachong'ang'ania trei bado hakijatengeneza ukoko. Kikishautengeneza, huachia chenyewe. Baada ya hapo vigeuze kwa mwiko bapa, ufungue mlango kwa muda mfupi ili mvuke utoke, kisha oka dakika nyingine 20 hadi 25. Ponda kitunguu saumu, ukatekate rozimari, uvichanganye na kijiko cha mafuta, na uvinyunyize dakika 8 za mwisho tu, kwa maana kitunguu saumu kikikaa saa nzima kwenye nyuzi 220 huungua na kuwa kichungu. Rozimari huwa ua la boma katika mitaa mingi ya jiji hili, lakini ile ya kandokando ya barabara hubeba vumbi na moshi wa magari, hivyo ichumwe ndani ya ua na ioshwe vyema. Vitoe viazi vikiwa na rangi ya dhahabu iliyokolea. Vikifika kahawia ya giza huwa vichungu, na akrilamaidi, kemikali isiyofaa kwa afya, huzidi kadiri rangi inavyozidi.

Chumvi, pilipili manga na dania hutiwa vikiwa bado vya moto, na limau hukamuliwa mezani ili ukoko usilowe. Viandamane na kuku, samaki wa kukaanga au nyama choma, pamoja na sukuma wiki na kachumbari.

Kwa anayehesabu tokeni za stima, oveni ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo kwa saa moja hutumia uniti 2, na kwa kuwa hujizima na kujiwasha inapofikia joto, matumizi halisi huwa chini ya hapo. Hata hivyo ni busara kuoka kuku kwa joto hilohilo. Stima ikipotea katikati ya kazi, maliza viazi kwenye kikaango kizito juu ya gesi, moto wa wastani, ukivigeuza upande baada ya upande. Asiye na oveni anaweza kuvioka kwenye sufuria nzito iliyofunikwa, makaa machache chini na mengi yakipaliwa juu ya mfuniko, huku akiufunua mara mbili tatu kutoa mvuke. Kazi hiyo ifanyiwe nje, kamwe isifanyiwe kwenye chumba kilichofungwa, kwani hewa ya makaa huua.

Ukitarajia wageni, chemsha na utikise viazi siku moja kabla, vipoe, kisha uviweke kwenye friji bila kuvifunika. Vitakauka zaidi usiku na vitaokeka vizuri kuliko vya siku hiyo. Vilivyobaki mezani hukaa kwenye friji siku 2 hadi 3, na hurudishiwa ukoko wake kwa dakika 10 kwenye oveni ya nyuzi 200 au kwenye kikaango kikavu, si kwenye maikrowevu, ambayo huvilegeza.