Namna ya Kupeleka Malalamiko Dhidi ya Askofu Yasiishie Kuitwa Uvumi

Mtu anayebeba jambo zito kuhusu askofu, liwe limempata mwenyewe au limempata mtoto wake, hushindwa kujua aanzie wapi, kwa sababu katika jimbo askofu ndiye ambaye malalamiko mengine yote hupelekwa kwake. Mwongozo huu unaeleza njia ambayo Kanisa Katoliki lenyewe limeiweka, na jinsi ya kuandika malalamiko ili anayeyapokea asiweze kuyaweka kando kwa kuyaita uvumi. Nitatumia mkasa wa Theodore McCarrick, aliyekuwa kardinali nchini Marekani na kuangushwa na madai ya unyanyasaji wa kingono, kwa kuwa ripoti ambayo Vatikani iliitoa tarehe 10 Novemba 2020, yenye kurasa zaidi ya 400, inaonyesha wazi taarifa zilipotelea wapi.

McCarrick alipewa daraja la upadre mwaka 1958 huko New York, akawa askofu msaidizi mwaka 1977, askofu wa kwanza wa Metuchen mwaka 1981, askofu mkuu wa Newark mwaka 1986, kisha akateuliwa kwenda Washington mwishoni mwa 2000 na kufanywa kardinali Februari 2001. Katika safari hiyo yote, hawakukosekana watu waliosema. Katikati ya miaka ya 1980 mama mmoja, aliyeona jinsi askofu huyo alivyokuwa akiwashikashika wanawe, aliwaandikia viongozi wa Kanisa bila kutaja jina lake, kwa kuwa aliihofia familia yake. Mwaka 1992 na 1993 zilifika barua nyingine zisizo na majina. Oktoba 1999 Kardinali John O'Connor wa New York alimwandikia balozi wa Papa akieleza madai aliyoyafahamu na kushauri kwamba McCarrick asipandishwe cheo. Mwaka uliofuata maaskofu wanne wa New Jersey waliulizwa, na watatu kati yao wakatoa majibu yenye upungufu na yasiyo sahihi. McCarrick mwenyewe akaandika barua Agosti 2000 akikana, na Papa Yohane Paulo II akamwamini.

Kilichomwangusha ni ushuhuda wa mtu mmoja. Mwaka 2017 mwanamume mmoja aliufikishia mpango maalumu wa jimbo kuu la New York maelezo kwamba McCarrick alimnyanyasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa kijana wa miaka 16 akijiandaa kutumikia misa ya Noeli katika kanisa kuu. Maelezo hayo yalikuwa na mtu, mahali na wakati, tena yalifika kwenye chombo kilichokuwa na wajibu wa kuyachunguza. Tarehe 20 Juni 2018 McCarrick alizuiwa kutoa huduma ya hadharani, mwezi uliofuata akajiuzulu ukardinali, na Februari 2019 ikatangazwa kwamba amevuliwa hadhi ya ukleri. Simlaumu hata kidogo yule mama aliyeandika bila jina. Hofu yake ilikuwa na msingi, na waliopaswa kuchunguza walikuwa wengine. Hata hivyo, tofauti kati ya barua zake na ushuhuda wa 2017 ndiyo inayopaswa kuongoza mkono wa yeyote anayeandika leo.

Kabla ya kuandika lolote, jiulize kama kuna mtoto au mtu mwingine aliye hatarini sasa hivi. Ikiwa yupo, nenda kwanza polisi au kwenye chombo cha serikali kinachowalinda watoto, na malalamiko ya Kanisa yafuate baadaye. Sheria ya Kanisa haikuzuii kufanya hivyo. Inatamka kwamba haiondoi haki wala wajibu unaotokana na sheria za nchi, hasa ule wa kutoa taarifa kwa serikali. Mtu atakayekuambia usubiri mpaka Kanisa limalize uchunguzi wake hana sheria yoyote ya kuegemea.

Sheria inayohusika ni barua ambayo Papa Fransisko aliitoa kwa mamlaka yake mwenyewe, iitwayo Vos estis lux mundi, yaani Ninyi ni nuru ya ulimwengu, iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2019 na kuthibitishwa kwa namna ya kudumu mwaka 2023. Inawagusa maaskofu na makardinali, hata waliostaafu. Haihusu watoto peke yao. Mseminari (anayesomea upadre), mtawa au mfanyakazi mzima aliyelazimishwa tendo la ngono kwa vitisho, kwa nguvu au kwa matumizi mabaya ya mamlaka, naye ana haki ya kulalamika. Hili nalisisitiza kwa sababu waseminari wengi ambao McCarrick aliwaalika katika nyumba ya ufukweni na kulala nao kitanda kimoja walikuwa watu wazima, na utu uzima wao ukafanywa sababu ya kulichukulia jambo hilo kuwa jepesi. Sheria hiyo inamhusu pia askofu anayezuia au kukwepa uchunguzi wa makosa ya wengine.

Sasa andika. Anza kwa kusema wewe ni nani na unamfahamuje askofu huyo, kisha eleza tukio moja baada ya jingine kwa mfuatano wa wakati. Kama tarehe huikumbuki, taja unachokikumbuka: ilikuwa Kwaresima, ilikuwa wiki ya mafungo, nilikuwa kidato cha pili. Taja nyumba, chumba, waliokuwapo, na mtu wa kwanza uliyemweleza. Tenganisha kabisa mambo matatu, yaani uliyoyaona mwenyewe, uliyoambiwa na aliyetendewa, na uliyoyasikia kwa watu wengine, kwa kuwa ukiyachanganya, udhaifu wa la mwisho utatumiwa kuliangusha la kwanza. Sentensi inayosema askofu ana tabia chafu haimpi mchunguzi pa kushika. Sentensi inayosema aliniita chumbani kwake usiku wa pili wa mafungo, akafunga mlango na kuniamuru nilale kitandani kwake, inampa mahali, wakati na swali la kuwauliza waliokuwapo. Usiongeze neno ili jambo lionekane zito zaidi. Barua za zamani, picha na ujumbe wa simu ambatanisha nakala zake, na nakala halisi zibaki kwako.

Kuhusu jina, ushauri wangu ni kwamba uliandike kama usalama wako unaruhusu, kwa sababu mchunguzi anahitaji mtu wa kumrudia kwa maswali. Kama hauruhusu, tafuta wakili au mtu mwingine unayemwamini awe kiungo, na uweke maelezo ya kina kiasi kwamba yanaweza kuthibitishwa bila wewe kuwapo.

Usiipeleke barua katika ofisi ya askofu unayemlalamikia pekee. Utaratibu unataka taarifa ifike kwa Vatikani na kwa askofu mkuu wa jimbo kuu ambalo jimbo hilo liko chini yake. Ikiwa anayetuhumiwa ndiye askofu mkuu, basi kwa Vatikani na kwa askofu mwandamizi kuliko wote katika majimbo yaliyo chini yake. Unaweza kuiwasilisha kwa balozi wa Papa katika nchi yako, au kuituma Roma moja kwa moja. Ipeleke zaidi ya mahali pamoja, na ndani ya kila nakala utaje wapokeaji wote, ili kila mmoja ajue kwamba mwenzake anayo. Dai stakabadhi au sahihi ya kupokelewa.

Usilipeleke jambo hili katika kiti cha maungamo ukidhani umetoa taarifa, kwani padre amefungwa na siri ya kitubio na hawezi kulifikisha popote. Nje ya hapo, padre au mtawa anayepata habari kama hizi au kuwa na sababu ya kuamini kwamba zimetokea ana wajibu wa kuzitolea taarifa bila kuchelewa, ilhali mlei, yaani muumini asiye padre wala mtawa, anaruhusiwa. Hakuna anayeweza kukulazimisha wewe wala mashahidi kunyamaza baada ya kulalamika, na kulipiza kisasi dhidi ya mlalamikaji kumekatazwa. Ukiletewa karatasi ya kuahidi ukimya, usiitie sahihi.

Askofu mkuu akiona taarifa ina msingi, huomba Roma idhini ya kuchunguza, na Roma inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Wakati wa uchunguzi mtuhumiwa huhesabiwa kuwa hana hatia, jambo ambalo ni haki, nawe usilichukulie kuwa ishara kwamba umepuuzwa. Tangazo la kujiuzulu nalo lisikuchanganye. Gustavo Zanchetta, askofu wa Orán, Argentina, aliondoka madarakani mwaka 2017 kwa maelezo ya afya, na mwaka 2022 mahakama ya nchi yake ikamhukumu kifungo cha miaka minne na nusu kwa kuwanyanyasa waseminari. Askofu aliyejiuzulu bado ni askofu. Aliyesimamishwa huduma anangoja uamuzi. Aliyevuliwa hadhi ya ukleri ndiye asiyeruhusiwa tena kutenda kama mkleri.

Anayedai kutendewa, au mwakilishi wake wa kisheria, ana haki ya kuelezwa matokeo ya uchunguzi, ila huelezwa akiomba. Kwa hiyo weka ombi hilo katika aya ya mwisho ya barua yako ya kwanza, pamoja na anwani unayotaka jibu litumwe.