Viatu vya kuteleza kwenye barafu: kuchagua, kufunga na kunoa

Kosa linalowagharimu watoto wengi wa mashindano hufanyika dukani: mzazi ananunua kiatu kikubwa ili mtoto akikulie. Kisigino kikicheza ndani, kifundo huyumba, mtoto hukaza kamba kupita kiasi, na mguu hufa ganzi mazoezi yakiwa bado mabichi.

Pima akiwa amevaa soksi moja nyembamba. Kamba zikiwa zimelegezwa, asogeze mguu mpaka vidole viguse mbele. Nyuma ya kisigino kiingie kidole chako kimoja tu. Halafu agonge kisigino nyuma, afunge kamba, akunje magoti. Kisigino kikiinuka hata kidogo, rudisha kiatu hicho. Kwa mtoto anayekua, nafasi ya ziada isizidi nusu saizi.

Ugumu wa kiatu ulingane na miruko anayofanya sasa, si ile anayoiota. Kiatu kigumu mno humzuia kukunja kifundo, na kishindo cha kutua hupanda hadi gotini na mgongoni. Kilicholainika, chenye mkunjo mkubwa pembeni mwa kifundo, hakimshikilii tena, kibadilishwe.

Kamba zilegee kidogo kwenye vidole, zikazwe kweli pale mguu unapopinda, kisha zilegezwe tena kwenye vishikizo vya juu ili goti lipate kwenda mbele.

Sasa chuma, ule ubapa wa chini ya kiatu unaokanyaga barafu, maana hapa ndipo kazi ilipo. Si kisu. Kina unene wa takriban milimita 4, na chini yake kuna mfereji unaoacha kingo mbili, ya ndani na ya nje. Mtelezaji husimama juu ya ukingo mmoja: Axel, mmoja wa miruko ya kuzunguka hewani, huanza kwa ukingo wa nje akielekea mbele, na hutua kwa ukingo wa nje akirudi nyuma. Kina cha mfereji hutajwa kwa nusukipenyo cha duara ambalo mpindo wa mfereji ni sehemu yake. Milimita 13 zinawafaa wengi. Namba ikishuka, mfereji huwa wa kina zaidi, chuma huuma barafu zaidi na mwendo hupungua.

Noa kila baada ya saa 20 hadi 40 za barafuni. Ukichukua chuma kutoka kwa fundi, laza rula ndogo kukatiza kingo zote mbili. Rula ikiinama upande mmoja, ukingo mmoja uko juu, na mtoto atalaumiwa kwa kosa la fundi. Tazama na meno ya mbele ya chuma. Fundi aliyezoea viatu vya hoki ya barafuni, visivyo na meno hayo, anaweza kuyasaga, na bila meno hayo mruko wa Lutz hauna pa kujisukumia. Usinoe siku moja kabla ya mashindano. Acha siku tatu hadi tano azoee makali mapya.

Akitoka barafuni, futa chuma, skrubu na soli mpaka vikauke. Kava ya plastiki ni ya kutembelea tu. Ikibaki kwenye begi hufungia unyevu na kutu huanza, kwa hiyo vaa kava ya kitambaa, na ukifika nyumbani toa viatu nje ya begi.

Kwenye Olimpiki ya Lillehammer 1994, mtelezaji wa Marekani Tonya Harding alisimamisha programu yake ndefu, yaani onyesho la pili la mashindano, kwa sababu ya kamba ya kiatu. Kagua kamba siku tatu kabla. Iliyochanika nyuzi itupwe, na mpya ifanyiwe mazoezi kwanza, kwa kuwa hurefuka ikivutwa.