Jogoo anayerukia watu
Wenye kuku uani, iwe Tabata au Mbagala: jogoo akianza kuwarukia watu, tafadhali msimpige teke wala msimkimbie. Akifika miezi minne hadi sita homoni zinampanda, anakuona mshindani wa mitetea yake. Teke kwake ni kukubali pambano, na ukikimbia anajua ameshinda. Simama imara, kisha msogelee polepole mpaka yeye ndiye arudi nyuma. Kila siku mshike, mbebe kwapani dakika kadhaa, umwachie akishatulia. Watoto wadogo wasiachwe naye hata kidogo, maana akiruka kipi chake, ule mwiba wa mguuni, kinafika machoni mwao. Wiki kadhaa zikipita hajabadilika, mchinje. Usimweke wa mbegu, vifaranga wanaweza kurithi ukali huo.